Kujifunza gitare bila mwalimu: njia ya Katanga inaanzia kwenye kidole gumba

Kamina ni muji wa treni. Reli yenye kutoka Lubumbashi inafika hapa na kujigawa: mukono mumoja unapanda Kananga mpaka Ilebo, mukono mwingine unaenda Kabalo, na kutoka kule Kalemie na Kindu. Pamoja na mizigo na abiria, reli hiyo ilibeba nyimbo, santuri na gitare. Mpaka leo kijana mwenye kutaka kupiga gitare hapati mwalimu wa kulipa karibu na kwao. Anachopata ni gitare ya korali yenye watu watano wanaigombania, gitare ya yaya yake yenye kukosa kamba mbili, ao ile ya bati yenye alijitengenezea mwenyewe. Na simu, kama kuna chaji.

Je, kwa vitu hivyo mutu anaweza kufika? Historia ya Katanga inajibu ndiyo. Lakini inaonyesha jambo lingine pia: wale wenye walijifunza bila mwalimu hawakujifunza peke yao. Walikuwa na macho juu ya mikono ya wengine, na masikio yenye kukaa macho. Na mara nyingi, wenye kuacha njiani hawaachi kwa sababu hawana kipaji. Wanaacha kwa sababu gitare yenyewe haiko sawa, ao kwa sababu walianza na mambo ya mwisho.

Katanga haikungojea shule

Kabla ya uhuru, migodi ya Union Minière na kazi za reli zilikusanya watu kutoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini yenye leo ni Zambia, Ruanda na Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe. Katika makambi ya wafanyakazi watu hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Waliimba katika Kiswahili, na gitare kavu, ile yenye Wafaransa wanaita «sèche», ilikuwa rahisi kubeba na haikuomba umeme. Mutu mumoja na gitare yake alitosha kuchezesha watu wa avenyu nzima.

Mwenye kujulikana zaidi kati yao ni Jean Bosco Mwenda, mwenye kuitwa pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, makao ya wafalme wa Bayeke. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mutu mwenye alizunguka Afrika ya kusini na ya kati akirekodi muziki wa wenyeji, alimukuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, na akamurekodi. Wimbo «Masanga» ulitoka katika kazi hiyo, na ulisikiwa mbali sana na Katanga. Mwaka wa 1969 Bosco alipiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Alikufa mwaka wa 1990 katika aksida ya gari kule Zambia.

Bosco hakuwa peke yake. Losta Abelo na Edouard Masengo walipiga katika njia ileile, kila mumoja na ladha yake. Bosco na Masengo walifika pia Nairobi, na wapiga gitare wa Kenya waliwasikiliza sana na kuchukua mengi kwao.

Kuna jambo lenye kufaa kukumbukwa na kila mwenye kuanza leo. Miaka karibu kumi kisha «Masanga» kurekodiwa, mutaalamu mumoja, David Rycroft, alikaa chini na kuandika nota za Bosco moja kwa moja, kusudi aelewe namna vidole viwili vinaweza kutoa sauti kama ya watu wawili. Mwaka wa 1979 mutu mwingine, John Low, alisafiri mpaka Lubumbashi ili kukaa karibu na Bosco na wenzake, kuona mikono yao. Watu walivuka bahari kutafuta kitu chenye kijana wa Kamina anaweza kukuta kwa muzee wa kartie ya pili, kama anajua kubisha hodi.

Kwanza gitare, kisha vidole

Gitare ya kawaida ina kamba sita. Kamba ya 1 ni ile nyembamba yenye kuwa chini wakati mutu anaikamata. Kamba ya 6 ni ile nene ya juu. Kutoka nene mpaka nyembamba, sauti zake ni mi, la, re, sol, si, mi. Vyuma vidogo vyenye kukata shingo vinaigawa katika nafasi, na kila nafasi wanamuziki wanaiita «kaze». Kaze ya 1 ni ile yenye kuwa karibu na kichwa cha gitare.

Mbele ya kununua gitare ya mukono wa pili, ao mbele ya kukubali ile yenye kupewa bure, kuna mambo matatu ya kupima.

La kwanza ni urefu wa kamba juu ya shingo. Kwenye kaze ya 12, nafasi kati ya kamba ya chuma na chuma cha shingo inafaa kuwa milimetre 2 ao 3. Ikipita 4, vidole vitateseka bure, na mwenye kuanza atafikiri kwamba mikono yake ni mizaifu.

La pili ni shingo yenyewe. Mutu anaiangalia kwa jicho moja kuanzia kichwani, kama fundi wa mbao anavyoangalia ubao. Ikiwa imejikunja kama upinde, ao imejipinda kama kamba ya nguo, gitare hiyo itakuwa na shida sikuzote.

La tatu ni ukweli wa sauti. Kamba inapigwa wazi, kisha inapigwa kwa kugandamiza juu ya kaze ya 12. Inafaa kuwa sauti ileile, lakini ya juu. Kama sauti ya kaze ya 12 inaachana na ile ya kamba wazi, hata mupigaji mukubwa hataweza kupanga gitare hiyo sawasawa. Ni muzuri kuijua mapema kuliko kujilaumu miezi sita.

Kuhusu kamba, kosa moja linaua gitare nyingi: kuweka kamba za chuma juu ya gitare yenye ilitengenezwa kwa kamba za nailoni. Kamba za chuma zinavuta kwa nguvu zaidi. Polepole zinang'oa kipande cha mbao chenye kuzishika, ao zinakunja shingo. Waya za frein za kinga zinatumiwa sana kwenye gitare za bati, na kwa gitare hizo zinafaa. Juu ya gitare ya duka ni hatari, kwa sababu ni ngumu na zinakata vyuma vya shingo. Kamba nene zenye kupoteza sauti zinaweza kuchemshwa katika maji minuti kumi na kukaushwa vizuri. Sauti inarudi kidogo kwa siku chache, na hiyo inasaidia kungojea mupya zifike na treni.

Wakati wa ukavu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mbao zinakauka na zinaweza kupasuka. Gitare haifae kulala kwenye jua, wala karibu na mbabula. Wakati wa mvua, adui ni ukuta wenye maji. Mufuko wa nguo nzito na musumari wa ndani ya nyumba, mbali na dirisha, vinatosha.

Gitare ya bati si ya kuchekwa

Watoto wengi wanaanza na gitare yenye kutengenezwa kwa bidoni ya mafuta ao mukebe, kipande cha ubao na waya. Franco Luambo, mwenye alikuja kuongoza OK Jazz, alianza namna hiyo kule Léopoldville akiwa mutoto mudogo, na alipokuwa na miaka 15, mwaka wa 1953, alikuwa tayari anaingia studio. Bati haiwezi kufundisha akordi zote, lakini inafundisha vitu viwili vyenye hakuna mutu anaweza kununua: kupiga ndani ya mwendo, na kutafuta sauti kwa sikio. Mutoto mwenye amepiga bati mwaka muzima anaposhika gitare ya kweli anakuwa amekwisha kuvuka muto mukubwa zaidi.

Kupanga sauti bila mashini

Gitare yenye haikupangwa inafundisha sikio uongo. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ya kila siku, mbele ya wimbo wowote, ni kupanga sauti, ao kama wanamuziki wanavyosema, «kuakorde».

Kuna programu za simu zenye kufanya kazi hata bila intaneti, mara tu zinapokuwa zimeingizwa. Lakini chaji inaisha, na sikio haliishi. Njia ya zamani ni hii: kamba ya 6 inapangwa kwa kufuata kinanda cha kanisa ao gitare ya mwenzake. Kisha kamba ya 6 inagandamizwa kwenye kaze ya 5, na sauti yake inapaswa kuwa sawa na kamba ya 5 wazi. Kamba ya 5 kwenye kaze ya 5 inatoa sauti ya kamba ya 4. Kamba ya 4 kwenye kaze ya 5 inatoa sauti ya kamba ya 3. Hapa mutu asisahau: kamba ya 3 inagandamizwa kwenye kaze ya 4, si ya 5, ili kupata sauti ya kamba ya 2. Mwishoni, kamba ya 2 kwenye kaze ya 5 inatoa kamba ya 1.

Wakati sauti mbili zinakaribiana lakini bado hazijakuwa sawa, mutu anasikia mutetemeko, wuu-wuu-wuu. Kadiri zinakaribiana, mutetemeko unapunguza mbio. Ukinyamaza, kamba zimepatana. Mwanzoni kazi hii inaweza kukula nusu saa. Kisha miezi miwili inakuwa minuti tatu.

Kwa mwenye vidole laini ao mwenye kuogopa kukata kamba, si zambi kupanga kamba zote chini kidogo, kwa mufano sauti moja nzima chini. Kamba zinalegea, vidole vinapumua, na kamba zinaishi siku nyingi zaidi. Wakati wa kupiga na wengine, kipande cha penseli yenye kufungwa kwa kahawa ya kinga iliyokatwa ao kwa mupira, juu ya kaze ya 2, kinarudisha sauti mahali pake. Wapiga gitare wa Afrika wametumia penseli namna hiyo miaka mingi, mbele ya kuona kile chombo cha duka.

Juma nne za kwanza

Ncha za vidole vya mukono wa kushoto zitauma. Hilo ni la kila mutu, na kwa mwenye kupiga kila siku linapungua kisha juma tatu ao nne, wakati ngozi inakuwa ngumu. Minuti 15 asubuhi na minuti 15 mangaribi ni muzuri kuliko saa tatu za siku ya Posho tu. Mwenye kupiga saa tatu mara moja anajiumiza, anaacha siku tano, na ngozi inaanza upya.

Kidole kinawekwa karibu sana na chuma cha mbele, si katikati ya kaze. Hapo inaomba nguvu kidogo tu. Ikiwa kamba inalia «bzzz», mara nyingi dawa ni kusogeza kidole, si kugandamiza zaidi. Maumivu ya ngozi ni ya kawaida. Maumivu ya kiwiko ao ya kifundo cha mukono ni alama ya kupumuzika na kubadilisha namna ya kukaa.

Akordi tano zinatosha kwa mwanzo:

Mi minere: kamba ya 5 na ya 4, zote kwenye kaze ya 2. Vidole viwili tu.

La minere: kamba ya 2 kaze ya 1, kamba ya 4 na ya 3 kaze ya 2.

Do: kamba ya 2 kaze ya 1, kamba ya 4 kaze ya 2, kamba ya 5 kaze ya 3.

Sol: kamba ya 5 kaze ya 2; kamba ya 6 na ya 1 kaze ya 3.

Fa ndogo: kidole kimoja kinalala juu ya kamba ya 1 na ya 2 kwenye kaze ya 1; kamba ya 3 kaze ya 2; kamba ya 4 kaze ya 3. Kamba ya 5 na ya 6 hazipigwe.

Fa ndiyo mulima wa Kamina kwa wanaoanza. Wengi wanafundishwa Fa kubwa, ile ya kulaza kidole juu ya kamba zote sita, na wanavunjika moyo. Fa ndogo inafanya kazi ileile kwa nyimbo nyingi. Kubwa itakuja yenyewe wakati mukono umekomaa.

Zoezi lenye faida zaidi halina uzuri wa kusikiliza: kuhama kutoka Do mpaka Fa na kurudi, mara moja kwa kila kupumua, bila kupiga wimbo wowote. Mutu anahesabu ni mara ngapi anaweza kuhama sawasawa katika minuti moja, anaandika kwenye ukuta ao katika kaye, na kesho anajaribu kuongeza moja. Kidogo kidogo.

Kidole gumba ni mupiga ngoma

Hapa ndipo njia ya Katanga inaachana na video nyingi za ku simu. Katika video hizo mwanafunzi anapewa kipande cha plastiki cha kupigia, anapiga kamba zote juu-chini. Si mubaya. Lakini wapiga gitare kama Bosco walitumia vidole viwili: kidole gumba kwa kamba nene, na kidole kinachofuata kwa kamba nyembamba. Gumba ni besi na ngoma. Kidole kingine ni muimbaji. Ndiyo maana mutu mumoja alisikika kama wawili.

Zoezi la kwanza: mukono wa kushoto unashika Do na hauhame. Gumba inapiga kamba ya 5, ya 4, ya 5, ya 4, sawa na hatua za mutu mwenye kutembea bila haraka. Moja, mbili, tatu, ine. Juma nzima, gumba peke yake. Kwenye Sol, gumba inapiga kamba ya 6 na ya 4. Kwenye Fa ndogo, kamba ya 4 na ya 3.

Kuna namna rahisi ya kupima kama gumba imeshajua kazi: mutu akipita na kusamilia, mupigaji anaweza kumujibu, hata kuuliza habari ya watoto, na gumba haisimame. Kama inasimama, bado.

Wakati gumba inatembea yenyewe, kidole cha pili kinaingia: kwanza kamba ya 1 mara moja tu katika kila hesabu ya ine, pamoja na gumba. Kisha mara mbili. Kisha katikati ya hatua, pale gumba inapumua. Hapo ndipo muziki unaanza kucheza, na hapo ndipo watu wengi wanakimbia mbio mbele ya wakati. Mutu akikosea, dawa ni kupunguza mbio, si kurudia kosa kwa nguvu.

Sikio kwanza

Kamina yenyewe ina ushahidi mukubwa wa kazi ya sikio. «Missa Luba» ilizaliwa hapa. Padri Guido Haazen, Mubeljika wa Wafransisko, alikusanya watoto wapata 45 na walimu 15 wa shule ya Kamina, kundi lenye liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa hiyo iliimbwa Kamina mwezi wa tatu mwaka wa 1958, na mwaka ule ule kundi likaimba Ulaya. Ilijengwa juu ya nyimbo za Waluba na za jirani zao, na sehemu kubwa haikuandikwa kwenye nota: waimbaji waliipanga na kuikamata kwa sikio na kwa kujibizana. Hakukuwa gitare ndani yake, ni sauti na ngoma tu. Lakini somo ni lilelile.

Kwa mupigaji wa gitare, kazi ya sikio inaanza na wimbo wenye anaujua vizuri toka utoto, hasa wa kanisa. Anauimba kwanza bila gitare. Kisha anatafuta sauti ya nyumbani, ile yenye wimbo unapumuzikia mwishoni. Kama ni do, anashika Do, na kila mara anasikia kwamba akordi haikubali tena maneno, anajaribu Fa ao Sol. Nyimbo nyingi sana za korali na za rumba zinazunguka katika hizo tatu, na sebene nyingi ni mwendo wa Do, Fa, Sol, Fa wenye kurudiarudia. Kama korali inaimba juu zaidi, kwa mufano katika Re, penseli inafungwa kwenye kaze ya 2, na mikono inaendelea na Do yake.

Simu inasaidia, kama inatumiwa na akili. Video moja yenye kubakizwa ndani ya simu ni muzuri kuliko kumi zenye kukula mega. Programu nyingi za video zinaruhusu kupunguza mbio mpaka nusu bila kubadilisha sauti. Na kwa kuwa sipika ndogo ya simu inaficha besi, mwenye kutaka kusikia gumba ya mupigaji atumie ekutere za masikio.

Kubisha hodi kwa wakubwa

Mwenye kujifunza mwenyewe anakosa kitu kimoja tu: mutu wa kumuambia anapokosea mwendo. Mutu haisikii mbio yake mwenyewe. Ndiyo maana, kisha miezi miwili ao mitatu, inafaa kutoka nyumbani.

Mahali pa kwanza ni korali. Mara nyingi mupigaji wa kanisa hana wakati wa kufundisha, lakini hakatazi kuangaliwa. Kijana mwenye kufika mapema, mwenye kubeba bafle na kukunja kamba za umeme, anaonekana. Asikae mbele ya mupigaji, kwa sababu atauona mukono kama katika kioo. Akae kando, upande wa shingo ya gitare, aone kaze. Na swali lake liwe moja kwa siku: «Yaya, pale mwishoni ulihamia wapi?» Swali la namna hiyo linapata jibu. «Unifundishe gitare» halipati.

Mahali pa pili ni orkestra ya kartie. Pale kuna gitare ya akompanyema, mi-solo, solo na besi. Mwenye kuanza anataka solo, kwa sababu solo ndiyo watu wanapigia makofi. Lakini akompanyema ndiyo yenye kumufundisha kukaa ndani ya mwendo, na ndiyo yenye nafasi inapatikana haraka.

Mahali pa tatu ni kwa wazee wenye walipiga gitare kavu zamani, katika kambi za reli na za kazi. Wengine hawana tena gitare. Kijana mwenye kufika na gitare yenye kupangwa vizuri, na kusamilia kwa heshima, anaweza kurudi nyumbani na mwendo wenye hauko katika simu yoyote. Muzee akikubali, arekodiwe mikono yake, si uso tu. Na amuulize jina la mwendo huo na mwenye alimuonyesha. Sauti ya Bosco ya 1952 ilihifadhiwa katika maktaba ya muziki yenye Hugh Tracey alianzisha kule Afrika Kusini. Wazee wengine wengi hawakurekodiwa na mutu.

Hayo yote ni ya wasichana pia. Kuna kanisa na nyumba zenye bado zinasema mwanamuke aimbe, mwanaume apige. Kamba ya gitare haijui hiyo. Inajua tu kama kidole kiko karibu na chuma. Pale korali inakataa kumuachia binti gitare mbele ya watu, wazazi na waongozi wanaweza kuanza kwa kumuachia siku za mazoezi.

Kipimo cha njia

Kwa kawaida ya mutu mwenye kupiga nusu saa kila siku, miezi mitatu inatosha kuhama Do, Fa, Sol bila kusimama na kusindikiza nyimbo za nyumbani. Miezi sita, gumba inaweza kutembea peke yake na kidole cha pili kinaanza kuimba. Mwaka, mutu anaweza kukaa katika kundi bila kuwaharibia wengine. Mwenye kukosa gitare siku nyingine anaweza kutembeza gumba juu ya goti na kuimba. Hiyo pia ni kazi.

Na ikiwa kisha miezi mitatu hakuna kitu kinaendelea, inafaa kuuliza kwanza maswali yaleyale: kamba ziko juu sana? Gitare imepangwa? Kuna mutu mwenye kumusikiliza? Mara nyingi jibu liko pale, mbele ya mutu kusema hana mukono wa gitare.